Kidonge cha Kabla ya Kifungua Kinywa

Kwa miaka kumi na sita nimewafundisha wanafunzi wa famasia namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwuliza mgonjwa swali hata moja. Sikuona haja ya kuuliza, maana majibu nilikuwa nayo. Yalikuwa kwenye daftari langu la jalada la kijani, nililolinakili kutoka kwa mwalimu wangu, naye alilinakili kutoka kwa mwalimu wake, Mhindi mmoja aliyefundisha Addis Ababa enzi za mfalme. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja kuna mzaha ambao sijawahi kuuelewa. Kila mwaka niliutoa, na kila mwaka wanafunzi walicheka, kwa sababu waliowatangulia waliwaambia kwamba hapo ndipo pa kucheka.

Naitwa Asrat, mwana wa Gebeyehu. Baba yangu alikuwa mfumaji wa shuka katika mji wetu huu wa mkoa wa Gojjam, Ethiopia, na siku nilipochaguliwa kwenda chuo aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda kusomea udaktari. Nilimweleza kwamba si udaktari, ni dawa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hilo tusilirudie mbele za watu." Nimemtii hadi leo. Kinyozi wangu huniita daktari, mwenye duka la mafuta ya taa huniita daktari, na mimi huitika.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga, lakini sisi wenyeji tulikuwa hatujakiri kwamba tunaumwa. Kwa hiyo ulipokuja mpango wa kubadilishana walimu na chuo kimoja cha Uholanzi, tuliupokea kama watu wanaokwenda kusaidia. Mwalimu wetu mmoja angekwenda kwao miezi minne, nao wangetuletea wa kwao kwa mwaka mzima, ili wanafunzi wa pande zote mbili waache kukariri majina ya dawa na wajifunze kuzungumza na watu wanaozimeza. Nilichaguliwa mimi. Ningependa kusema ni kwa sifa zangu, ila ukweli ni kwamba pasipoti ya mwenzangu Zerihun ilikuwa imeisha muda.

Wiki ya kwanza kule Uholanzi waliniweka chumbani na bibi kizee anayelipwa kujifanya mgonjwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakitutazama kupitia kioo. Kazi yangu ilikuwa kumweleza dawa zake. Nilimweleza kwa dakika kumi na moja mfululizo, kuanzia ini hadi figo. Nilipomaliza, yule bibi akanishukuru, akasema hajalala vizuri tangu mumewe afe, na kwamba ningemwuliza, ningejua kwa nini anameza vidonge viwiliviwili badala ya kimoja. Wale watoto walinipa alama nne kwa kumi. Niliporudi nyumbani niliwaambia wenzangu kwamba niliwaacha Waholanzi midomo wazi, na huo haukuwa uongo, walikuwa wanacheka.

Nilirudi pia na jambo ambalo sikumwambia mtu. Kabla ya kunipa mkataba, wale watu walinipima afya, wakakuta nina kisukari. Si kikali, wakasema, vidonge vitatosha. Nikavipokea, nikavificha ndani ya soksi kwenye sanduku, na tangu siku hiyo nikawa namiliki soksi ambazo sizivai.

Kwetu mgonjwa anasamehewa mfungo, lakini lazima padri wake wa toba ajue na atoe ruhusa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Padri wangu, Abba Tensae, akijua, mke wangu Yeshimebet atajua, maana ndiye atakayenipikia asubuhi. Yeshimebet akijua, chama cha kuzikana cha mtaa wetu kitajua, na wale nawafahamu, wangeanza kukagua mahema ya msiba. Halafu ni mimi niliyezoea kuwaambia watu kwamba sijavunja mfungo tangu nikiwa na miaka saba. Mtu akishajisifu hadharani, kurudi nyuma ni aibu ya hadharani pia.

Basi ulipofika mfungo mkuu wa kabla ya Pasaka, siku hamsini na tano za kutoonja kitu hadi saa tisa mchana, nikafunga kama kila mwaka. Na kidonge nikameza kama kila siku. Kitabu kinasema kimezwe asubuhi, nusu saa kabla ya kifungua kinywa, nami nilikimeza saa moja asubuhi, kwa mate, kwa kuwa maji yangevunja mfungo. Kifungua kinywa changu kilikuwa saa tisa. Ile nusu saa ya kitabuni ikawa masaa manane, na mimi, mwalimu wa somo hilohilo, sikuona tofauti.

Kila ikikaribia saa sita mikono ilinitetemeka, jasho likanitoka, nikawafokea wanafunzi bila sababu. Sura ya saba ya daftari langu imeorodhesha dalili za sukari kushuka, na nadhani nilizipata kwa mpangilio uleule zilivyoandikwa. Nikaamua kwamba ni kukosa kahawa. Mganga hajigangi, lakini angalau mganga hujua kwamba anaumwa.

Mgeni wetu, Hanneke, alikuwa amekwisha kufika wakati huo. Mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikodi chumba nyuma ya posta, akazoea shiro, mchuzi wetu wa unga wa dengu, kuliko sisi, na akawa na tabia moja iliyotuchosha wote, ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka umjibu. Sisi tumezoea mtu akiuliza swali aendelee mwenyewe kulijibu. Pamoja na mambo mengine, kazi yake ilikuwa kusahihisha mitihani yetu mara ya pili, na sisi tukimaliza mwaka tungesahihisha ya kwao. Hapo ndipo tulipogongana, na aliyekuwa katikati ni Frehiwot Mulat.

Frehiwot alikuwa mwaka wa nne. Kwao ni kijiji cha walima shayiri, siku nzima ya basi na nusu siku ya miguu. Alikuwa binti mkimya anayekaa safu ya pili, na ndiye mwanafunzi pekee katika miaka kumi na sita aliyewahi kunifuata baada ya kipindi akaniomba nimfafanulie ule mzaha wa ukurasa wa thelathini na moja. Sikumsamehe. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa somo langu kwa alama mbili. Kanuni zetu ni nyepesi kueleweka: ukishindwa somo lilelile mara mbili, unafunga mzigo unarudi kwenu, hata kama umebakiza mwaka mmoja.

Swali lilikuwa hili. Mgonjwa wa miaka hamsini ameandikiwa vidonge vya kisukari, mweleze jinsi ya kuvitumia. Alama ishirini. Jibu ni mistari minne kutoka kwenye daftari la kijani. Frehiwot aliandika hivi: "Kwanza nitamwuliza kama anafunga. Akisema anafunga, sitampa kidonge cha asubuhi. Nitamwomba aende kwa padri wake wa toba akaombe ruhusa ya kula, kisha anirudie na jibu. Padri akikataa, nitamwomba daktari abadilishe saa na kiasi cha dawa. Nisipouliza, nitakuwa nimempa sumu."

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Hili ni somo la famasia, si la kanisa." Nikampa sifuri. Jumla yake ikawa arobaini na mbili kwa mia, na wa kufaulu anahitaji hamsini.

Hanneke alimpa kumi na nane. Akaja ofisini kwangu na ile karatasi, akaketi bila haraka.

"Asrat, wagonjwa wako wanakula kifungua kinywa saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema.

"Hata sasa?"

"Sasa ni mfungo."

Akanyamaza, kama kawaida yake, ananisubiri. Ilikuwa saa sita kasoro, na vidole vilikuwa vinanichezacheza chini ya meza. Nikamwambia mambo ya kanisa letu yana wenyewe, na kwamba mtu ambaye hajawahi kufunga hata Ijumaa moja angefanya vizuri kwenda nayo polepole. Nilimwambia kwa adabu, ile adabu inayomfukuza mtu. Akainuka, akasema basi suala liende kwenye kamati ya kitivo siku ya Ijumaa, ambapo msahihishaji wa kwanza angeeleza sababu zake. Nikasema liende. Nilitaka tu atoke nikae chini, na nilikuwa tayari nimekaa.

Jumatano ya wiki hiyo ulikuwa mtihani mpya wa mezani, ule nilioutoa Uholanzi na kuusifia hadi mkuu wa kitivo, Dakta Negussie, akaukubali. Tulipanga meza nane maabara, tukazitenga kwa mapazia ya kuazima, na kila meza tukaweka mtu wa kujifanya mgonjwa: karani, mpishi wa bweni, mama anayeuza kahawa getini. Mwanafunzi anakaa dakika kumi kila meza, na mwalimu mmoja anaandika alama pembeni. Frehiwot aliruhusiwa kufanya kwa kuwa kesi yake ilikuwa haijaamuliwa. Wageni kutoka wizarani walikuwa wawepo, na meza ya kahawa ya kuwakaribisha baada ya saa tisa ilikuwa imetandikwa tayari, na bakuli la sukari juu yake.

Saa nne tukapata habari kwamba mlinzi aliyepaswa kuigiza mgonjwa wa kisukari amekwenda msibani. Tukatazamana. Mimi nikasema kazi hiyo niachieni, nimeifanya Ulaya. Sijui ni pepo gani alinisukuma. Nadhani ni yule yule anayeitika kwa kinyozi.

Hanneke alinipa kadi yenye maelezo ya mgonjwa wa kuigiza, na agizo moja. "Jibu unachoulizwa. Usichoulizwa, usikiseme."

Mwanafunzi wa kwanza alisema mistari minne ya daftari langu neno kwa neno, na moyo wangu ukajaa fahari. Wa pili akasema ileile. Wa tatu alipoketi, shati langu lilikuwa limenigandia mgongoni. Alikuwa kijana hodari, sauti kama ya msoma habari, akanieleza kwamba dawa hii inaweza kuniletea kutetemeka, jasho jingi, na kuchanganyikiwa, na akinieleza hayo mkono wangu ulikuwa unagonga meza wenyewe. Aliutazama, akaridhika, akaendelea na namna ya kuhifadhi dawa mahali pakavu. Hakuuliza kitu, nami agizo lilikuwa nisiseme nisichoulizwa. Zerihun, aliyekuwa anatoa alama pale mezani kwangu, akaninong'oneza, "Bwana wee, kumbe una kipaji." Baadaye niliiona karatasi yake. Alikuwa ameandika: mgonjwa anatetemeka, anafanana kabisa na mgonjwa wa kweli.

Wa nne sikumwona vizuri. Nakumbuka mdomo wake ukifunguka na kufungika. Nilitaka kuwaambia jamani nasimama, lakini maneno yalikuwa mbali, na nilipoyafikia yalitoka mengine. Inasemekana nilimwita yule kijana kwa jina la marehemu baba yangu. Zerihun akacheka kwa kunipongeza. Mmoja wa wageni wa wizarani naye alikuja kusimama pembeni kutazama uigizaji.

Kisha akaketi Frehiwot. Aliisoma kadi, akaniangalia, akaiweka kadi chini. Kwa ile hali ya kutoona vizuri nilijua ni yeye kwa sababu alinyamaza kwanza.

"Mwalimu, umekula nini leo?"

"Sijala."

"Unafunga?"

"Nafunga."

Akanishika kiganja. Kilikuwa cha baridi na kimelowa. Akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu, akasema polepole, "Kidonge ulichomeza ni cha kwenye kadi tu, au unacho chako?"

Nimefikiri sana baadaye kuhusu swali lile. Watu ishirini na watano walikuwa ndani ya chumba kile, wanane kati yao wafamasia wenye vyeti, na hakuna mwingine aliyelifikiria. Nikamjibu, kwa kuwa niliulizwa.

"Changu. Saa moja asubuhi."

Akainuka. Zerihun akamwambia, "Rudi mezani, binti, muda wako haujaisha, unapoteza alama." Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kahawa ya wageni, akachota sukari kwa mkono, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji, akakoroga kwa kalamu. Akarudi, akaniwekea mdomoni.

Na mimi, mtu mzima, niliyebakiza pumzi chache za akili, nikageuza uso. Nikasema saa tisa bado.

"Kunywa, Mwalimu," akasema. "Hii dhambi ni yangu, nitakwenda kuitubu mimi."

Nikanywa. Nusu ilinimwagikia kifuani. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa nimelazwa juu ya meza ya maabara, Hanneke akinishika mshipa wa mkono, na Zerihun amesimama na karatasi yake akiwa amenywea. Kwa bahati mbaya nikapata pia fahamu ya kusikia. Mama muuza kahawa alikuwa anawaambia wenzake kwamba daktari mzima anakunywa dawa ya sukari na tumbo tupu, sasa yeye asiyesoma afanyeje.

Nyumbani nilimkuta Yeshimebet ameshapata habari. Nilikuwa nimetunga maelezo marefu njiani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na ile soksi. Alikuwa amejua tangu mwezi wa kwanza niliporudi. Mtu anayekunja soksi zake mwenyewe baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, akasema, ama ana mwanamke ama ana maradhi, na kwa sura yangu alijua si mwanamke. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa anangoja nimwambie kama mke. Kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua, Asrat. Ulitaka nikujulie kwenye hema?" Akaanza kulia, na mimi nikaona haya kuliko nilivyoona pale maabara. Abba Tensae alipokuja alinipa ruhusa ya kula kabla sijamaliza sentensi, akanipa na karipio, na karipio ndilo lililochukua muda.

Alhamisi Dakta Negussie aliniita. Ni mtu mwema, hapendi kelele. Akaniambia jambo la yule binti linaweza kuisha kirahisi. Tuandike kwamba palitokea kosa la kujumlisha, alama zirekebishwe, afaulu, jina langu lisiguswe, na kamati isihitaji kusikia habari za vidonge. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilitoka mle mwepesi kabisa, nikiona Mungu ni mkubwa.

Frehiwot alikuwa amekaa kwenye ngazi za kitivo. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kamba, kando yake. Alikuwa ameshaaga bwenini ili Ijumaa, akifukuzwa, asihitaji kupita tena mbele za watu. Nikaona nimpe habari njema mapema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, palitokea kosa la hesabu, atafaulu. Nilitegemea atanishukuru.

Akauliza, "Hesabu ipi, Mwalimu?"

Nikasema mambo ya jumla, hii na ile.

"Lile swali la kisukari nilikosea au sikukosea?"

Nikamwambia hilo sasa si muhimu, muhimu ni kwamba anabaki chuoni. Akatazama chini. Hakunijibu kwa ukali, na nadhani angekuwa mkali ningepona haraka zaidi. Alisema mama yake alikuwa na sukari, na alipewa vidonge kwenye zahanati, na mtu aliyempa alikuwa mwenye adabu sana, alimweleza kila kitu vizuri. Ilikuwa wiki ya pili ya mfungo. Walimkuta ghalani saa saba mchana, ameshapoa.

"Aliyempa dawa alisoma hapa," akasema. "Kwako. Nataka tu kujua kama nilikosea."

Nilimwacha pale kwenye ngazi. Nilikwenda nyumbani nikakaa na lile daftari la kijani mapajani, nikahesabu wanafunzi wa miaka kumi na sita, sitini kila mwaka, wote wamekwenda kwenye zahanati za milimani na ile mistari yangu minne. Niliacha kuhesabu. Nilijichukia, nasema wazi, na wala haikuwa chuki ya kupendeza ile ambayo mtu huipamba akisimulia.

Ijumaa kamati ilikaa, watu saba, mimi na Zerihun tukiwemo, Dakta Negussie katikati, Hanneke pembeni kwa kuwa mgeni hapigi kura. Upande wa kulia alikaa Profesa Beyene, mzee wetu wa mitishamba, ambaye kwa kufunga anasifika kuliko baadhi ya mapadri. Dakta akafungua jalada, akasema anaamini palikuwa na tatizo dogo la kujumlisha. Akanitazama ili niitikie, na kuitika ndiyo kazi niliyoizoea.

Nikasema hapakuwa na tatizo la kujumlisha. Nilijumlisha vizuri. Nikasema binti hakukosea, aliyekosea ni mimi, na nimekosea kwa miaka kumi na sita, na mnajua nimekosea kwa sababu Jumatano mlinibeba. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikawaeleza yote: soksi, mate, saa moja asubuhi, zile alama nne kwa kumi za Uholanzi. Zerihun alipiga makofi mawili aliposikia hizo alama nne, akajizuia. Nikaomba jibu la Frehiwot liandikwe kwenye mwongozo wa kusahihishia, na la kwangu lifutwe, na barua ipelekwe kwenye kila zahanati tuliyompelekea mhitimu wetu.

Nilidhani watanihurumia. Halafu Profesa Beyene akakohoa, akauliza, akiitazama dari, mtu akiwa na rafiki anayetumia dawa ya presha, ile ya kukojoa, na rafiki huyo hanywi maji hadi saa tisa, na siku hizi akisimama anaona giza, je, hilo nalo linahusika. Kabla hatujamjibu, mwalimu wa kemia akasema hata yeye ana rafiki. Dakta Negussie akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi marafiki ni watatu. Sisi saba wa kamati tulikuwa na elimu ya famasia ya miaka mia moja na zaidi tukiijumlisha, na wanne wetu tulikuwa tunajiua kwa kufuata maelekezo.

Hanneke aliinuka, akafungua mlango, akamwita Frehiwot.

Aliingia na sanduku lake, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, akasimama nalo katikati ya chumba. Nasi, watu wazima na vyeti vyetu, tukaanza kusema wote kwa pamoja. Profesa alishasahau habari za rafiki, anamweleza rangi ya vidonge vyake. Dakta anauliza kama cha jioni kinaweza kusubiri. Binti aliwasikiliza, akageuka huku na huku, mkono wake bado kwenye kamba ya sanduku.

"Samahani, wazazi wangu," akasema. "Nitawasikiliza wote. Lakini kwanza mniambie, nimefukuzwa?"

Katika haraka ya kujiponya hakuna aliyekumbuka kumwambia. Wote wakanitazama mimi, na safari hii hapakuwa na mwingine wa kuitika. Nikasimama, nikazunguka meza, nikamwondolea lile sanduku mkononi nikaliweka chini.

"Hukukosea," nikamwambia. "Wala hukufukuzwa. Na yule aliyempa mama yako dawa, nilimfundisha mimi."